Pete Iliyokuwa Pembeni ya Jina Lako

Mlandizi, Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri

Mwanangu mpenzi Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Naanza na salamu za nyumba nzima, mmoja mmoja, maana nikianza na maneno yangu utadhani nimekuja kugomba tena, na wallahi sikuja kugomba.

Baba yako anakusalimu. Amekaa hapa mlangoni anachonga mpini wa jembe. Nimemuuliza niandike nini kwa upande wake, kasema, "Mwambie namsalimu. Basi." Unamjua mwenyewe. Lakini tangu nishike kalamu hajachonga hata mara tatu, kazi yake kuchungulia karatasi.

Bibi yako Kidawa anakusalimu sana. Macho yake ndiyo yale yale, hayaoni mbali, ila masikio yamebaki ya msichana. Kila asubuhi ananiuliza, "Hawa kapiga?" Nikimjibu bado, anasema, "Basi ni mtandao." Anajua si mtandao. Ananisitiri tu.

Kaka yako Salumu anakusalimu, pamoja na wifi yako Asha. Mtoto wao Nasra kaota meno mawili ya chini, anang'ata kila kinachopita mbele yake. Jana kamng'ata babu yake kidole mpaka mzee karuka. Mama Eva jirani yetu naye anakusalimu, kasema niandike "kwa jina la Bwana," nami nimeandika kama alivyosema.

Na shangazi yako Mwajuma anakusalimu. Usishtuke. Yupo hapa Mlandizi, hayupo kwake Kurui. Amejilaza mkekani ukumbini, kanyoosha ule mguu unaomsumbua, na kasema harudi kwake mpaka jibu lako lifike. Kwa nini yupo hapa nitakueleza, ndiyo habari yenyewe.

Wa mwisho ni mie mama yako. Nakusalimu, mwanangu. Nimejiweka mwisho kwa kuwa makosa ni yangu.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu imeshindwa. Nimekutumia sauti saba, zote zimekaa na tiki moja. Pale palipokuwa na picha yako pamebaki kale kamtu ka kijivu kasiko na uso. Nakafungua, nakaangalia, kama vile na kenyewe kataniangalia. Basi nimenunua daftari, nimelichana katikati, naandika kwa hili darasa langu la nne. Ukikuta herufi zimepandana usinicheke. Au nicheke tu, nitafurahi nikisikia umecheka. Atakuletea Bi Tatu wa duka la nyuzi, anakuja huko Dodoma kumwona mjukuu wake.

Unakumbuka Idi ile uliyoniletea hii simu? Tulikuwa uani tunamenya muhogo, mie mikono ina utomvu, wewe umenishikia simu mbele ya uso kama kioo. Ukanifundisha vile vipicha mnavyoviita emoji. Ukasema, "Mama, hiki chenye machozi hakilii, kinacheka."

Nikakuuliza, "Machozi yote haya anacheka nini?"

"Anakucheka wewe unavyoishika simu kama umeshika kinyonga."

Tukacheka mpaka bibi yako akauliza ndani kuna nini. Sikukuambia siku ile, lakini vile vipicha viliniponya. Mie kusoma kwangu ni kwa kupapasa. Neno refu nikifika katikati mwanzo wake nimeshausahau. Lakini mikono ya dua ni mikono ya dua, sufuria ni sufuria, mtu hapotei. Nikawa naamka nakutumia jua, nalala nakutumia mwezi, ukawa unanijibu na kikombe cha chai. Tuliongea mwaka mzima namna hiyo, na Salumu akawa anatuita mabubu.

Siku ile ile ya muhogo ndiyo niliyokuuliza kuhusu kipicha cha pete. Niliiona kwenye matangazo ya duka lako la kadi, ile ya dhahabu yenye jiwe la rangi ya maji juu yake. Nikasema, "Na hii?"

"Hiyo ya kazini, mama. Kadi za harusi zisipokuwa na pete pembeni watu hawafungui tangazo."

"Na yako ukivishwa, utaniwekea?"

Ukainamia muhogo. Ukaumenya mpaka ukabaki kama mshumaa. Ukasema, "Yangu mie nitakuambiaje, mama? Yangu utaambiwa kwa njia yake."

Nilifurahi, Hawa. Nilisema moyoni, huyu hata akae mji gani, kwao anakujua. Maana kwetu ndivyo ilivyo, mtoto wa kike hamkabili mama yake na habari ya mume. Anamwendea shangazi, shangazi anafunga safari, anakuja kukaa na wazazi mkekani, uso kwa uso. Mie mwenyewe baba yako nilimsema kwa shangazi yangu, na mama yangu aliponiona jioni ile aliniambia tu, "Kachote maji," nikajua ameshaambiwa na hana neno. Basi tangu siku hiyo ya muhogo nikalizoesha jicho langu: pete ikitoka kwa Hawa ni kazi, ni mteja, nipite.

Nikapita.

Niliiona picha yako, mwanangu. Hilo nalisema mwanzo ujue. Ile kadi nyeupe uliyoiweka kwenye ile duara ya picha, jina lako kwa herufi za kujikunja na pete pembeni. Niliiona siku tatu. Nikasema amefanya tangazo zuri safari hii, hata jina lake kaweka. Nikakutumia jua kama kawaida, ukanijibu na chai. Sikujua kwamba ulikuwa unangoja nikutumie kitu kingine.

Siku ya nne niko gengeni, Mama Eva kaja kutafuta matembele. Hata hajatua kapu, anapiga kelele, "Mama Salumu, hongera! Yaani mtu ana mkwe na bado ananyunyizia mboga maji?"

Nikamwambia, "Mkwe gani tena?"

"Acha kunificha mie. Hawa si kavishwa pete?" Akanitolea simu. "Hii hapa."

"Hilo tangazo la kadi zake, Mama Eva."

"Tangazo lenye jina lake? Mteja naye anaitwa Mwanahawa? Wee mama wee! Kwetu sisi pete ikikaa na jina la mtu, huyo ameshachumbiwa, kilichobaki ni kanisa. Nimemwandikia hongera jana, kanijibu, 'Asante mama, mniombee.'"

Wenzangu wa gengeni wakasikia. Aa, gengeni hakuna siri! Mmoja akasema, "Pilau lini?" Mwingine akasema, "Ndiyo maana siku hizi anatuuzia kwa madaha." Nami nikacheka nao kama mtu anayejua. Nikasema, "Subirini kwanza, haraka ya nini." Nikamfungashia Mama Eva mafungu mawili akiwa ameomba moja.

Njiani nikirudi nyumbani sikufikiria wewe. Nitakuambia ukweli, sikufikiria wewe hata kidogo. Nilifikiria ukoo. Ninajua wanavyouliza. Msichana akionekana na pete kabla watu hawajakaa, haulizwi yeye. Anaulizwa mama yake: ulikuwa wapi? ulipokea nini? ulimpokea nani? Nikajiona nimesimama mbele ya baba zako wadogo na wajomba zako sina la kujibu. Basi nilipofika mlangoni, beseni bado kichwani, nikatoa simu nikaandika kwenye grupu la ukoo. Mie ninayechukua nusu saa kuandika "nimefika salama," siku hiyo niliandika kwa mara moja:

"Hawa toa hiyo pete kwenye picha yako. Kwetu mtoto haposwi na simu. Mie mama yako sijui kitu na sijapokea mtu. Wakubwa mlione hili."

Nimeyaandika tena yote hapa usije ukadhani nimeyasahau au nataka kuyapunguza.

Wakaweka vidole gumba. Mmoja akaweka mikono ya dua. Mtoto wa baba yako mkubwa akaweka kile cha machozi kinachocheka. Kabla hata sijatua beseni, picha yako ikatoka, kakaja kale kamtu ka kijivu. Kisha pakaandikwa kwamba umeondoka kwenye grupu.

Baba yako alikuwa nyuma ya nyumba. Aliposomewa na Salumu alikuja akaniuliza jambo moja tu. "Uliyaandika umekaa au umesimama?"

Nikamwambia, "Nimesimama."

"Ungekaa kwanza." Akarudi kwenye shughuli zake. Hajanisema tena mpaka leo, na bora angenisema.

Siku zilizofuata nikawa mwanafunzi wa pete. Usicheke. Nilikuwa nakaa na simu naitafuta kila ilipo, nataka nijue watu wanaiweka kwa maana gani, labda nitakuta mahali palipo na maana nyingine, niseme kumbe nilikosea kuielewa. Nikaikuta kwenye grupu la maandalizi ya harusi ya jirani, kila anayejitolea kitu anamalizia na pete. Nikaikuta kwa mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Mlandizi, kaweka picha yake na marehemu mkewe na pete katikati, hakuandika neno. Nikaikuta kwa vijana wanataniana, kaka kasifia ugali wa mwenzake kwenye picha, yule dada kajibu na pete, maana yake nioe basi. Nikamuuliza Mama Eva, "Sasa hii pete ina maana ngapi?" Kanijibu, "Mama Salumu, inategemea kaiweka nani na kaiweka mbele ya nani. Ila mtu akiiweka na jina lake peke yake, bila maneno, huyo ana furaha hata maneno yamemshinda."

Nikarudi kukaangalia kale kamtu ka kijivu.

Nikakumbuka na ile nati. Sijui kama wewe unaikumbuka, ulikuwa hujaanza shule. Baba yako alifungua baiskeli kutengeneza gurudumu, wewe ukachukua nati ukaivaa kidoleni, ukajitanda upande wa khanga yangu kichwani, ukapita uani unatembea taratibu, unatazama chini. Bibi yako akakuuliza, "Nani huyu?" Ukasema, "Mie bibi harusi, msiniongeleshe." Tukakuacha. Kuja kushtuka kidole kimevimba, nati haitoki. Baba yako kaja na tupa aikate. Ulilia, lakini hukulia kwa maumivu, ulikuwa unasema, "Msiikate pete yangu, msiikate pete yangu." Nikamwambia baba yako weka tupa chini. Nikakupaka mafuta ya kula, nikachukua uzi wa cherehani nikakuzungushia kidole chote, taratibu, duru kwa duru, nakuimbia, mpaka ikatoka nzima. Jua lilikuwa limeshazama. Nilikuwa na subira hiyo, Hawa. Kwa nati ya baiskeli nilikuwa na subira hiyo.

Sasa habari ya shangazi yako.

Alikuja Jumamosi, siku ya sita tangu nikuandikie yale. Alikuja na bodaboda kutoka Kurui, kavaa doti mpya ya khanga, kabeba kikapu cha korosho. Hakupita uani kama siku zote. Alisimama mlangoni akavua viatu, akasema baba yako aitwe. Tukaketi mkekani, mie na baba yako upande mmoja, yeye upande wa pili. Mie nilidhani kaja kunisuta kwa niaba ya ukoo.

Akatutazama. "Mbona mmekunja nyuso kama wafiwa? Mie nimeleta heri. Nipeni maji kwanza, vumbi limenikausha koo."

Akanywa. Akajitengeneza. Akasema, "Nimetumwa na mtoto wenu Mwanahawa. Kuna kijana anaitwa Rajabu, fundi umeme hukohuko Dodoma, kwao Kondoa. Anaswali, hana mke. Kamwambia Hawa anataka kumwoa. Hawa kamwambia, kwetu habari hii simwambii mama, namwambia shangazi, naye shangazi anakwenda kukaa na wazazi, wakiridhia ndipo uje na barua yenu. Kijana kasema sawa. Basi nimekuja kukaa nanyi."

Nilimsikia Nasra ananyonya huko chumbani.

Baba yako akauliza pole pole, "Dada, Hawa alikuambia lini?"

Shangazi yako akaanza kukunja pindo la khanga. "Kabla ya mwezi kuandama."

"Na leo mwezi uko wapi?"

"Jamani, si mvua! Si mguu! Habari hii nyie mlitaka niipigie simu? Nikohoe kwenye simu niseme mna mkwe? Nimekuwa nasema leo nakwenda, kesho nakwenda. Hawa kanipigia, 'Shangazi, umeshafika kwa mama?' Nikaona haya. Nikamwambia nimeshafika, na wamefurahi. Nilijua kesho yake alfajiri nitakuja. Kesho yake ikanyesha, bondeni kwetu pikipiki hazikupita siku nne, na zilipopita mguu ukanilaza."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo Hawa anajua mie nimeambiwa?"

"Anajua umeambiwa na umeridhia. Ndiyo maana akasema sasa anaweza kuvaa pete. Tena alinipigia baada ya siku mbili, akasema, 'Shangazi, mama ameiona ile picha, mbona hasemi kitu?' Nikamwambia mama yako ana haya, mpe muda."

Yeye hayumo kwenye grupu, unajua simu yake ni ile ya kubonyeza, na kusoma hajui. Hakujua lolote. Nikaitoa simu nikamwambia, wifi, angalia nilichofanya. Akasema, "Unanipa mie simu niitie chumvi? Nisomee."

Ikabidi nisome. Kwa sauti. Nilikuwa nimeyaandika maneno yale lakini sijawahi kuyasikia. Niliyasoma kwa kupapasa kama ninavyosoma, neno moja moja, "toa... hiyo... pete," na kila neno likawa linachukua muda wake. Nilipomaliza baba yako alikuwa anatazama mlango.

Shangazi yako akasema, "Haya uliyaandika kwa mtoto, wifi, au kwa mtu aliyekuibia?"

Akaongeza, na sauti yake imeshuka, "Mtoto kafuata mila mpaka tone la mwisho. Walioharibu ni sisi wawili wazee. Mie nimechelewa nikadanganya, wewe umewahi ukatukana."

Tukalia pamoja, mie na wifi yangu, mpaka bibi yako akapaza sauti ndani, "Nani kafa?" Shangazi yako akamjibu, "Hajafa mtu, mama. Kuna harusi hapa, tunaianza vibaya tu."

Sasa nataka nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata baba yako, ingawa najua analisoma hapa begani kwangu. Niliandika "kwetu mtoto haposwi na simu," nikajificha nyuma ya mila. Haikuwa mila. Iliniuma kwamba Mama Eva alijua kabla yangu. Iliniuma kwamba ulimwambia "asante mama, mniombee," na mie nilikuwa nimekutumia jua. Nilijiona nimekuwa mtu wa nje kwenye furaha yako, nikataka uone haya kama nilivyoona haya mie gengeni. Ndivyo ilivyokuwa. Si vizuri, lakini ndivyo.

Na nikakaa nikahesabu siku zako. Siku ya kwanza umeweka picha, unangoja mama aseme. Siku ya pili unangoja. Ya tatu unampigia shangazi. Ya nne ukasikia simu imelia, ukaona jina langu, bila shaka moyo ukakuruka ukasema huyu hapa mama, amesema. Ukafungua. Hapo ndipo ninaposhindwa kwenda mbele, Hawa. Kila nikifika hapo naweka kalamu.

Jana nimeandika tena kwenye grupu. Safari hii nilikaa. Nilikaa kwenye kigoda kuanzia alasiri mpaka wanaadhini magharibi, Salumu akataka kunisaidia nikakataa. Nimeandika, "Mie mama Salumu nilimsema Hawa mbele yenu. Hawa hakukosa. Alimtuma shangazi yake kama inavyotakiwa, ujumbe ukachelewa njiani, kosa si la mtoto. Wote mlioniunga mkono naomba mfute. Namwomba mwanangu radhi mbele yenu nyote." Nilitaka nimalizie na pete. Kidole kilikuwa kimeshafika juu yake. Baba yako akanishika mkono akasema, "Hiyo si yako kuiweka, mama Salumu. Mwenyewe akitaka ataiweka." Nikaiacha.

Yule aliyeweka kicheko kafuta. Baba yako mdogo wa Kisarawe mjini kaandika, "Tunasubiri barua ya mkwe, mezani kwangu pana nafasi." Unaona? Mlango haujafungwa. Wewe hukuyaona kwa kuwa humo tena kwenye grupu, ndiyo maana nakuandikia.

Shangazi yako kasema umemwambia Rajabu asitume barua kwanza. Alikupigia jana kupitia ile simu yake, ukapokea, ukamwambia, "Shangazi, waambie wasihangaike, nimeshamwambia asimamishe." Kisha ukakata. Sauti yako kasema ilikuwa kavu. Hajawahi kuniambia kitu kikanichoma kama hicho.

Mwanangu, usimsimamishe kwa ajili yangu. Kama humtaki tena kwa sababu zako, hiyo ni habari yako na mie nitakaa kimya. Lakini kama unamtaka, na umemrudisha nyuma kwa sababu mama yako aliandika akiwa amesimama na beseni kichwani, basi utakuwa umeniadhibu mie na kumuumiza yeye, na yeye hajatukosea kitu. Alikubali kungoja shangazi mwenye mguu mbovu avuke bonde la Kurui. Kijana gani siku hizi anangoja hivyo?

Sikuulizi kama umenisamehe. Hilo chukua muda wako. Naomba tu ujue kwamba wazazi wako wamekaa mkekani, wamesikia kutoka kwa shangazi yako, uso kwa uso, na wameridhia. Baba yako kasema niliandike hilo kwa herufi kubwa, nami herufi kubwa zinanisumbua, kwa hiyo nimepigia mstari.

Sasa sikia. Bi Tatu anarudi Alhamisi kwa basi la asubuhi. Atapita dukani kwako Jumatano jioni, nimemwambia asiondoke mkono mtupu hata ukimwambia huna la kusema. Usiandike mengi, najua una kazi. Hata maneno mawili yatanitosha, na shangazi yako naye apate kurudi kwake, maana kuku zake huko analishiwa na watu.

Ila kuna neno moja nalitaka juu ya yote, andika hata pembeni ya risiti. Katika makelele yote haya, tumeuliza kijana ni wa wapi, anafanya kazi gani, anaswali au haswali, na mie nikauliza wakubwa wamelionaje. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mama yake ni nani. Naye ana mama huko Kondoa. Pengine ameshaambiwa ana mkwe, kisha ameambiwa angoje, na hajui kafanya nini. Pengine na yeye anashinda anaangalia simu.

Niandikie jina lake, Hawa. Kama yu hai nataka nimpigie mie kwanza, nimwamkie, nimwambie aliyechelewesha mambo ni mie. Kama ametangulia niandikie pia, mie, baba yako na bibi yako tumsomee dua kwa jina lake. Jina tu. Fanya haraka, mwanangu.

Ni mie,
mama yako mzazi.